Kumi na Nne Inagawanyika kwa Saba

Mimi nikikasirika huwa nagawanya. Wenzangu shuleni wanajua. Wakiona nimenyamaza kwenye kikao, nimeikodolea macho namba ya umeme iliyobandikwa ukutani, ile ndefu ya tarakimu ishirini, wanaambiana mwacheni, leo kachafukwa. Naikata ile namba vipande vya tarakimu tatu tatu kuanzia kulia. Kipande cha kwanza nakichukua, cha pili nakitoa, cha tatu nakijumlisha, cha nne nakitoa, hivyo hivyo mpaka namba nzima inabaki kitu kidogo ninachoweza kukishika kichwani. Hapo nauliza: saba inaingia? Kumi na moja je? Kumi na tatu? Kama inaingia kwenye kale kadogo, inaingia kwenye ile kubwa. Sababu yake ni kwamba elfu moja na moja ni saba mara kumi na moja mara kumi na tatu. Kila mwaka nikiandika hilo ubaoni kuna mwanafunzi mmoja anayeshika mdomo, na huyo ndiye anayenifanya nisiache kazi hii.

Kwa hiyo asije mtu akadhani nazisingizia namba. Namba hazijawahi kunikosea. Walionikosea ni watu, tena watu wa kwetu, tena baba yangu mkubwa mwenyewe, na hasira yake ninayo mpaka leo ninapoandika. Nimeshaambiwa nipoe. Sipoi.

Nafundisha hisabati Same mjini, kwenye upepo na vumbi. Mama yangu anakaa juu milimani, upande wa Mamba, kwenye shamba aliloachiwa na marehemu baba. Shamba ni la tangawizi. Mama hakuwahi kuniomba hela ya chumvi tangu baba afe, na nikimpelekea sukari ananiuliza kama nimemwona anaomba. Mbegu yake ya tangawizi aliitoa kwa mama yake alipoolewa, na kila mwaka anavuna, anachagua vidole vilivyonona, anavihifadhi, anapanda tena. Hajawahi kununua mbegu. Mwaka ambao tangawizi ile itakauka yote, mama atakuwa hana mavuno wala mbegu, na atakuwa mzee wa kukaa barazani kusubiri basi la mwanawe. Hilo ndilo analoliogopa kuliko kufa. Ameniambia mwenyewe, wala hakunung'unika.

Maji ya kumwagilia kwetu yanatoka kwenye ndiva. Ndiva ni bwawa la mawe na udongo lililojengwa na wazee wetu, mfereji unalijaza usiku kucha, na asubuhi mwenye zamu anachomoa kizibo, maji yote ya siku hiyo yanakuwa yake. Kesho yake ni zamu ya nyumba nyingine. Nyumba zilikuwa kumi na tatu tangu nikiwa mdogo, ukilihesabu na shamba la kanisa. Zamu hazikuandikwa popote, kila mtu alijua anamfuata nani.

Sasa kuna jambo la Jumapili. Jumapili ndiva haifunguliwi. Maji yanajaa, yanafurika ukingoni, yanarudi mtoni na kushuka zake tambarare, wakanywe ng'ombe wa wafugaji. Ila hesabu ya zamu hairuki. Zamu yako ikiangukia Jumapili, basi umeitoa, na kwetu inaitwa sadaka ya maji. Unashukuru, unasubiri mzunguko mwingine. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu kila nyumba ilitoa kwa wakati wake. Kumi na tatu ukiigawanya kwa saba inabaki sita, maana yake kila mzunguko zamu yako inarudi nyuma siku moja ya wiki. Safari hii Jumatano, safari ijayo Jumanne, ijayo Jumatatu, halafu unaipiga Jumapili, unatoa sadaka yako, unaendelea na Jumamosi. Nilipokuwa darasa la nne niliugundua utaratibu huo mwenyewe nikakimbia kumwambia baba, naye akacheka akasema kumbe nimezaa karani.

Baba mkubwa ndiye mwenyekiti wa ndiva, na ni mzee wa kanisa pia. Mwaka huu alimkatia mwanawe kipande cha shamba. Mwanawe akataka zamu yake. Akapewa. Zamu zikawa kumi na nne. Mimi niko Same nasahihisha mitihani, sina habari.

Nilipanda mlimani likizo ilipoanza. Basi liliniacha chini, nikachukua bodaboda, na kabla hatujafika nyumbani nikaona tangawizi ya majirani ilivyosimama, kijani cha kupendeza. Nikajisemea mwaka huu neema. Kisha nikafika kwetu. Jamani! Tangawizi ya mama ilikuwa ya njano. Majani yamejikunja, mengine ukiyashika yanavunjika. Mama alikuwa ameinama katikati yake, anaongeza nyasi kavu kwenye matuta ili unyevu usitoroke.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umepanda na jua lote hili? Karibu, karibu, kuna makande."

"Mama, hii tangawizi imekuwaje?"

"Mwaka wa tabu tu."

"Tabu imeruka shamba la jirani ikaja kwako peke yako?"

Akacheka kidogo, akajifuta mikono kwenye kanga. Nikamuuliza mara ya mwisho alipata maji lini. Akasema hajapata kwa muda, zamu yake imeangukia Jumapili. Nikamuuliza na ile kabla yake. Jumapili. Na kabla ya hiyo? Akanitazama, kisha akasema kwa upole kabisa, sauti ile anayotumia kusali, kwamba zote zimekuwa za Jumapili, toka mtoto wa shemeji apewe zamu. Alisema amelifikiria sana jambo hilo. Akaona labda Mungu ana sababu yake ya kuomba kwake mara nyingi hivyo. Labda kwa kuwa ni mjane. Alisema ameamua kushukuru.

Mimi nilikaa chini, palepale kwenye tuta. Kumi na nne. Saba mara mbili, hakibaki kitu. Zamu haisogei mbele wala nyuma, na siku uliyoanza nayo ndiyo utakayozikwa nayo. Mwenye Jumanne ana Jumanne milele. Katika siku kumi na nne kuna Jumapili mbili, na wenye Jumapili hizo hawataona tone mpaka mto ukauke. Moja ilikuwa ya shamba la kanisa, ambalo mwaka huu lilikuwa limelala, halina hata mche. Nyingine ya mama yangu. Kijiji kizima kilikuwa kinatoa sadaka kwa mkono wa mwanamke mmoja, na yeye anashukuru!

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakaziba. Lakini wakati ule, nakiri, nilidhani ni ujinga. Nilidhani watu hawakujua. Na ujinga ndio kazi yangu, nalipwa kuuondoa. Nikamwambia mama asubiri, mambo haya nayamaliza mimi.

Jumamosi ilikuwa siku ya msaragambo, kazi ya pamoja, watu wote wanaingia ndani ya ndiva kuzoa tope. Kazi ilipoisha tukakaa ukingoni, miguu imejaa matope, wanawake upande huu, wanaume upande ule, baba mkubwa katikati kwenye jiwe lake. Nikanyoosha mkono. Nikaeleza. Nilieleza vizuri, jamani, nilieleza kama naeleza kidato cha kwanza, kwa vidole.

Baba mkubwa akanisikiliza huku anachokonoa tope kwenye kucha. Nilipomaliza akasema, "Mwanangu, namba zikiwa ndogo ndivyo zinavyoonekana. Zikikua zinajichanganya. Subira. Baada ya muda mambo hujisawazisha yenyewe."

"Hayajisawazishi, baba mkubwa."

"Wewe umeona mwisho wake?"

"Nimeuona."

Watu wakacheka. Nikaokota kipande cha mkaa pale walipochemshia chai, nikaenda kwenye ukuta wa saruji wa ndiva. Nikawaambia haya, nitajieni nyie wenyewe tuzunguke mara ngapi. Kila mmoja atoe tarakimu moja, yoyote, tuzipange mstari mmoja, namba itoke kwenu isitoke kwangu. Wakaona mchezo, wakafurahi. Mmoja akasema nne. Mwingine, mbishi wa kuzaliwa, akasema sifuri. Saba. Tatu. Tisa, akasema mtoto wa baba mkubwa, yule mwenye zamu mpya, akijifanya kunikomoa. Moja. Sita. Mbili. Bibi mmoja aliyekuwa amesinzia akashtuliwa, akasema tano, mnataka nini. Nikaandika yote ukutani. Milioni mia nne na saba, laki tatu na elfu tisini na moja, mia sita ishirini na tano.

"Mizunguko hiyo," nikasema. "Dunia itakuwa imekwisha, na wajukuu wa wajukuu zetu hawajulikani walizikwa wapi. Tunazidisha kwa kumi na nne tupate siku, tukianzia Jumapili ya mama."

Nikazidisha ukutani, mkaa unavunjikavunjika. Bilioni tano, milioni mia saba na tatu, laki nne na elfu themanini na mbili, mia saba na hamsini. Nikaikata tatu tatu mbele yao. Mia saba hamsini, toa mia nne themanini na mbili, jumlisha mia saba na tatu, toa tano. Inabaki mia tisa sitini na sita. Saba mara mia moja thelathini na nane. Hakuna baki, hata chembe.

"Siku hiyo ni Jumapili," nikasema. "Na zamu ni ya mama yangu. Mngenitajia namba nyingine yoyote duniani, ingekuwa Jumapili."

Kisha nikaizidisha ile ile kwa kumi na tatu, kama zamani. Ikabaki tatu. "Hapa mama angekuwa Jumatano. Mzunguko unaofuata Jumanne. Mnaona? Ongezeni zamu moja tu, hata iwe ya hewa, ziwe kumi na tano. Jumapili itaanza kutembea tena, kila nyumba itoe kwa wakati wake."

Mikono yangu ilikuwa myeusi, nimejaa fahari ya kipumbavu. Nilisubiri waseme kumbe! Nilisubiri ule mkono mdomoni.

Walitazama majembe yao. Na ndipo baba mkubwa akaniuliza, kwa utulivu kabisa, "Mwalimu, umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Pole kwa kazi. Ila hayo tuliyajua."

Sikuelewa. Akaendelea, tena kwa sauti ya kubembeleza, na hiyo sauti ndiyo isiyonitoka masikioni. Alisema baba yake, yaani babu yangu, alimwonya kabla hajafa: zamu zikifika kumi na nne, ongeza moja au punguza moja, la sivyo Jumapili itaota mizizi kwenye nyumba ya mtu. Kwa hiyo walipoziongeza walikaa, wazee wachache, wakafikiri. Wakaona kuongeza nyingine ni kumfanya kila mtu asubiri zaidi, na kila mtu bado angepoteza zamu zake za Jumapili. Lakini wakiacha kumi na nne, nyumba kumi na mbili hazipotezi tena kitu, daima. Kinachotakiwa ni kuchagua siku ya kuanza. Wakaichagua.

"Jumapili moja tukaipa shamba la kanisa," alisema. "Ya pili tukaipa nyumba isiyo na shida. Shemeji ana wewe. Ana mtoto serikalini. Halali njaa."

Nyumba isiyo na shida! Mimi ndiye niliyekuwa sababu. Mshahara wangu, ambao mama hajawahi kuula, ulikuwa umeshamlia maji yake. Nikatazama upande wa wanawake, kwa shangazi zangu, kwa akina mama wa kwaya walioimba kwenye msiba wa baba. Wote walikuwa wanajua, au walikuwa wamehisi na wakaona heri wasiulize, maana tangawizi yao ilikuwa ya kijani. Nilifoka. Sikumbuki yote niliyoyasema na yale ninayoyakumbuka hayaandikiki. Nilimwita baba yangu mkubwa mwizi mbele ya watu, na sijamwomba radhi, wala sitamwomba.

"Wewe ni mtoto wa kike," alinijibu, akisimama. "Una kwako Same. Ndiva haikuhusu. Kikao kimefungwa."

Nilipogeuka kumtafuta mama, nikamwona amekaa vilevile alivyokuwa amekaa, mikono mapajani. Hakuwa akimtazama shemeji yake wala mimi. Alikuwa anautazama ule ukuta wenye namba, na mama yangu hajui kuzidisha zaidi ya mbili mbili. Tulirudi nyumbani. Nikaanza kumwambia tutakwenda ofisi ya kata, tutakwenda wilayani, namjua mtu fulani. Akaniambia nisonge ugali, yeye ataangalia mboga. Baadaye, tunakula, akasema neno moja tu: "Nilikuwa nashukuru." Basi, akaendelea kula.

Asubuhi alivaa kitenge chake cha kanisani na kilemba. Nikavaa na mimi. Tulipotoka nje akaingia kwenye banda, akatoka na jembe, akaliweka begani. Nikamwita, mama. Akaniambia funga mlango.

Njia ya kanisani kwetu inapita ukingoni mwa ndiva. Watu walikuwa wanapanda kwa makundi, wamependeza, na wote wakaliona jembe. Wengine wakapunguza mwendo. Baba mkubwa alikuwa pale na koti lake, anasalimiana na watu. Ndiva ilikuwa imejaa mpaka juu, maji yanamwagika ukingoni kurudi mtoni.

"Shikamoo shemeji," alisema mama.

"Marahaba shemeji. Jembe la nini na leo Jumapili?"

"Leo zamu yangu."

"Leo Jumapili," alirudia, kana kwamba hajasikia.

"Ndiyo. Zamu yangu ni Jumapili. Wewe ndiye uliyenipangia."

Akavua viatu, akashuka. Kitenge kikaloa mpaka kiunoni. Baba mkubwa alimwambia hiyo ni sadaka, shemeji, usichezee sadaka. Mama alikuwa ameshakishika kizibo, lile gogo lililozungushiwa magome ya mgomba, anakitikisa. Akamjibu bila kugeuka.

"Niliitoa nikidhani ameniomba Mungu. Kumbe ulikuwa wewe."

Kizibo kikachomoka. Maji yakatoka na mngurumo, yakaingia mfereji wetu. Mimi nilikuwa nimekunja ngumi, nimeshaandaa maneno ya kumtukana yeyote atakayemgusa. Hakuna aliyemgusa. Baba mkubwa alisogea mpaka ukingoni akasema taratibu, ili kila mtu asikie, kwamba yeye kama mzee wa kanisa atalipeleka jambo hili mbele, na kuanzia leo Meza ya Bwana mama ataiona kwa macho tu.

Hapo mama alisimama. Kanisa lile alibatizwa humo, akafunga ndoa humo, akamuaga mume wake humo. Najua anavyojiandaa kwa Meza ya Bwana, anavyofunga tangu jana yake, anavyokwenda kwa jirani kupatana hata kwa ugomvi wa kuku. Machozi yalimtoka mbele ya wote, na hakuyafuta, mikono ilikuwa na tope.

"Basi nitaiona kwa macho," alisema. "Lakini nitaiona nikiwa nimeshiba kwa mkono wangu, shemeji, siyo kwa mkono wa mtoto wangu."

Akapanda ukingoni, akachukua jembe lake, akayafuata maji.